Gari la zamani, barabara mbaya na laki tatu mfukoni: uanzie wapi?

Msikilizaji, Jumatatu tulipogusia habari za magari yanayoruka na kugonga chini, simu ya studio ilijaa ujumbe. Wengi mliuliza jambo moja: "Gari langu ni la siku nyingi, hela ni ndogo, nifanye nini litulie?" Dakika za redio ni chache, kwa hiyo nimeona niliandike suala hili hapa, ulisome taratibu, na ukienda kwa fundi uwe nalo kwenye simu.

Nianze na kisa cha nyumbani kwetu.

Shemeji yangu ana Toyota Corolla 110. Hulitumia kati ya Kilolo na Iringa mjini, kubeba abiria na magunia ya maharage. Usiku ndiye anayegongewa mlango mama mjamzito akishikwa na uchungu, kwa sababu gari lake ndilo lililo karibu. Masika yaliyopita barabara iliharibika na gari likaanza kugonga tumbo chini kila kwenye korongo. Fundi mmoja akamshauri aweke spesa magurudumu yote manne ili gari linyanyuke. Akalipa laki moja na nusu, spesa na ufundi. Gari likasimama juu, akafurahi. Akaniambia, "Shemeji, sasa hivi ni kama Prado."

Wiki ya tatu, akiwa na mama mjamzito na mkwewe kiti cha nyuma, alipunguza mwendo kukaribia tuta. Gurudumu la mbele kushoto likalala ubavuni, pua ya gari ikakaa chini. Boljointi ilikuwa imechomoka kwenye kikombe chake. Kwa kuwa alikuwa anakwenda mwendo wa mtu anayetembea, hakuna aliyeumia, na yule mama alifika kituo cha afya kwa pikipiki akajifungua salama. Lakini kilomita mbili nyuma ya lile tuta kuna mteremko, na chini ya mteremko kuna daraja. Shemeji hapendi kulizungumzia daraja hilo mpaka leo.

Spesa hazikuiharibu ile boljointi. Ilikuwa imelegea siku nyingi. Tatizo ni kwamba hela yote ilikwenda kwenye urefu wa gari, na hakuna aliyeinua gurudumu akalitikisa.

Kila kifaa kina kazi yake

Wengi tukisikia gari linaruka tunasema "shokapu zimekufa", tunamaliza. Ukweli ni kwamba chini ya gari kuna vifaa vingi, na kila kimoja kina kazi yake.

Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Gari likikaa chini kuliko zamani, au likiinama upande mmoja, wa kuangaliwa kwanza ni springi.

Shokapu haibebi uzito. Kazi yake ni kutuliza springi. Springi ikibonyezwa hutaka kurudi juu, kushuka, kurudi juu tena, kama kitanda cha springi mtoto akikirukia. Ndani ya shokapu kuna pistoni inayopita kwenye oili kupitia matundu madogo, na ugumu wa oili kupita ndio unaoua huko kuruka. Oili ikivuja au vali zikichoka, tairi huanza kudundadunda barabarani. Tairi lililo hewani halishiki breki wala usukani. Ndiyo maana shokapu mbovu ni suala la usalama, siyo la starehe tu.

Bushi ni mipira iliyokaa kwenye maungio ya vyuma. Zinameza mtikisiko na kuzuia wishiboni isichezecheze. Zikipasuka gari hukosa msimamo, usukani unavuta, na tairi zinalika upande.

Boljointi na tairodi endi ni viungo vya gurudumu, kama goti na kifundo cha mguu. Vikilegea unasikia kelele. Vikikatika au kuchomoka, gurudumu halina tena cha kulishikilia.

Linki za stebilaiza huzuia gari lisilale sana kwenye kona. Zikichakaa hutoa ule mlio wa "kokoko" kwenye vishimo vidogo, hata ukienda polepole.

Tairi nalo ni sehemu ya mfumo huu. Upepo uliomo ndani ndio springi ya kwanza kukutana na jiwe.

Magari mengi madogo tunayotumia huku, kama Corolla na IST, yana mpangilio mmoja mbele: shokapu imesimama katikati ya springi na juu imefungwa kwenye bodi. Muundo huo unaitwa kwa jina la mhandisi Mmarekani, Earle MacPherson, aliyeubuni miaka ya 1940. Ni muundo rahisi wenye vifaa vichache, na ndiyo maana ukarabati wake unawezekana hata kwa mwenye kipato cha chini.

Kagua mwenyewe kabla ya kutoa shilingi

Ukaguzi huu unachukua kama nusu saa. Hauhitaji mashine.

*Angalia tairi.* Pitisha kiganja juu ya tairi. Ukikuta mabonde na vilima, sehemu imelika na sehemu haijalika, shuku shokapu. Likiwa limelika upande wa ndani au wa nje tu, shuku alaimenti, bushi au kifaa kilichopinda. Likiwa limelika katikati, upepo umezidi. Likiwa limelika pande zote mbili na katikati limebaki, upepo umekuwa mdogo.

*Angalia upepo.* Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kwa kawaida kuna kibandiko kinachoonyesha upepo unaotakiwa. Huku kwetu wengi tunajaza kwa kukisia, na wengine wanazidisha kwa sababu ya mzigo. Gari likiwa tupu na tairi gumu kama jiwe, hata shokapu mpya haitasaidia.

*Pima urefu.* Egesha gari mahali tambarare, likiwa tupu. Kwa tepu ya seremala, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu ya tairi. Linganisha kushoto na kulia. Tofauti ikiwa zaidi ya upana wa kidole, springi ya upande ulioshuka imechoka au imevunjika. Chungulia mzunguko wa chini kabisa wa springi, maana mara nyingi ndipo panapokatikia na matope yanaficha.

*Bonyeza kona.* Kandamiza kona moja ya gari kwa uzito wako, achia. Likipanda na kutulia, vizuri. Likiendelea kupanda na kushuka mara mbili tatu, shokapu ya kona hiyo imekwisha. Ila kipimo hiki kinakamata shokapu iliyokufa kabisa. Iliyochoka nusu inaweza kufaulu. Kwa hiyo chungulia pia kama inavuja. Unyevu mdogo uliokamata vumbi siyo shida kubwa. Oili inayotiririka maana yake imekwisha.

*Tikisa gurudumu.* Inua gari kwa jeki, kisha weka stendi au gogo pana chini ya chesesi. Usitumie tofali, linapasuka ghafla, na usiingize mwili chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, tikisa. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, tikisa tena. Kucheza kukiisha breki ikikanyagwa, shuku beringi. Kukiendelea, shuku boljointi. Kisha shika kushoto na kulia, tikisa. Likicheza hapo, angalia tairodi endi na rafu ya usukani.

Boljointi ichunguzwe na kwa njia ya pili. Kwenye magari ya muundo huu uzito haukai juu ya boljointi ya chini, hivyo inaweza kuwa imelegea bila kujionyesha. Ingiza mtaimbo mdogo kati ya wishiboni na kikombe cha gurudumu, sukuma kidogo. Ukiona chuma kinapanda na kushuka, au mpira wake umechanika na grisi imejaa mchanga, usisafiri kabla hujabadilisha.

Foleni ya matumizi

Ukishajua kinachoumwa, panga hela kwa foleni hii.

Kwanza, vinavyoua: boljointi, tairodi endi, na tairi lililochanika au kubaki upara. Hapa hakuna kusubiri mavuno.

Pili, mipira na vitu vidogo: bushi za wishiboni, linki za stebilaiza na maunti za juu ya shokapu. Mara nyingi gari linalopiga kelele na kuyumba hurudi kwenye adabu kwa vitu hivi tu, hata kabla hujagusa shokapu.

Tatu, shokapu. Zinunuliwe jozi, mbili za mbele au mbili za nyuma. Ukiweka mpya upande mmoja na kuacha ya zamani upande wa pili, gari litavuta upande mmoja unapofunga breki au kukata kona. Kama hela haitoshi nne, anza na jozi iliyo mbovu zaidi. Zikiwa zimechoka sawa, anayebeba mzigo aanze na za nyuma.

Nne, springi, kama kipimo cha tepu kimeonyesha zimeshuka.

Mwisho, alaimenti. Hii si anasa. Ukibadilisha vifaa vya mbele bila kupiga alaimenti, tairi zitalika ndani ya muda mfupi na utalipa zaidi ya ulichookoa. Tenga hela yake mwanzoni, uifunge mfuko mwingine.

Ukiwa unanunua shokapu, ulizia vimpira vya ndani vinavyozuia chuma kisigonge chuma, na kava la vumbi. Ni vya bei ndogo na mafundi wengi huviruka. Huku kwetu kwenye vumbi, shokapu isiyo na kava hukwaruzwa fimbo yake na mchanga, sili inakatika, na baada ya muda mfupi unalalamika kwamba umeuziwa feki.

Na kuinua gari je?

Sikatai kwamba gari dogo linateseka kwenye makorongo. Lakini uelewe spesa inafanya nini. Inainua bodi tu. Haiongezi nguvu ya kubeba mzigo, haiponyi shokapu, haiifanyi springi iliyochoka kuwa mpya.

Ina gharama zake pia. Wishiboni zinalala kwa pembe kali zaidi, hivyo boljointi na sivi jointi zinafanya kazi zikiwa zimekunjwa. Mipira ya breki inavutwa. Tairi zinabadilika mkao, alaimenti inapotea. Gari linakuwa refu, na gari refu lililojaa watu ni jepesi kupinduka kwenye kona. Kama ni lazima, iwe ndogo, sentimita mbili au tatu, iwekwe kwenye gari ambalo viungo vyake ni vizima, mpira wa breki ukaguliwe usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, na alaimenti ipigwe siku hiyohiyo.

Kuna njia nyingine ambayo wengi hawaifikirii: tairi lenye kuta ndefu zaidi. Tuseme gari lako lina tairi 185/65R14. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, na ya pili ni urefu wa ukuta kwa asilimia ya upana huo. Ukuta wake ni kama milimita 120. Ukiweka 185/70R14, ukuta unakuwa karibu milimita 130. Umeinua gari zima kwa takriban milimita 9, pamoja na sehemu za chini ambazo spesa haiziinui, na ukuta mrefu unameza mawe vizuri zaidi. Spidomita itasoma pungufu kidogo, kama asilimia 3, kwa hiyo mwendo wako halisi utakuwa juu ya unaousoma. Kabla ya kununua, hakikisha tairi halitagusa kikombe cha springi wala matapishi usukani ukikatwa mwisho. Na fanya hivyo tairi zako zikiwa zimefika wakati wa kubadilishwa, usitupe nzima.

Usikubali mambo mawili. Moja ni kukata springi au kuichoma moto ili kubadilisha urefu wake. Chuma cha springi kikipata moto kinapoteza ugumu wake. La pili ni kutoboa shokapu, kumimina oili na kuchomelea tundu. Shokapu nyingi zina gesi yenye mgandamizo ndani, na kuchomelea kitu chenye oili na gesi kunaweza kumlipukia fundi usoni.

Mpya au mtumba?

Kwa mpira na viungo, yaani bushi, boljointi, tairodi na linki, nunua vipya. Mpira huzeeka hata ukiwa kabatini, na boljointi ya mtumba hujui ilikotoka.

Shokapu na springi za mtumba zinaweza kukufaa kama unajua kuchagua. Angalia fimbo ya shokapu: iwe inang'aa, bila kutu wala mikwaruzo. Isimamishe wima, ikandamize taratibu hadi chini. Inapaswa kukataa kwa nguvu ile ile mwanzo hadi mwisho. Ikishuka ghafla mahali fulani kama imepata ombwe, irudishe. Chukua mbili zinazolingana.

Nenda dukani na namba ya modeli ya gari, usiende na jina tu. Iko kwenye kibati ndani ya boneti. AE110 na AE114 zote watu huziita Corolla 110, lakini ya pili inaendesha magurudumu yote manne na vifaa vyake vya chini si vile vile. Ukiweza, fungua kifaa cha zamani ubebe mkononi. Uliza bei maduka matatu kabla ya kutoa hela.

Ukiwa gereji, simamia haya

Kwanza, bushi zikazwe gari likiwa limesimama kwenye magurudumu yake au uzito wake ukiwa juu ya wishiboni. Fundi akikaza nati gari likiwa hewani, mpira unajishika katika mkao huo. Gari likishushwa, mpira unabaki umesokotwa muda wote na utapasuka mapema. Mwambie kwa heshima, "Fundi, naomba umalizie kukaza likiwa chini." Hili halina gharama yoyote.

Pili, springi ifunguliwe kwa kibanio chake maalumu. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja taya au kuua. Fundi akitaka kuifunga kwa kamba au waya, chukua gari lako uondoke, na watoto wasogee mbali.

Tatu, omba upewe vifaa vya zamani. Utajua kama vimebadilishwa kweli, na utajifunza kilichokuwa kinaumwa.

Baada ya siku chache za kutembea, rudi fundi akague nati zote tena.

Shemeji alimalizaje?

Alikopa laki tatu kwenye vikoba, na safari hii alikuja na daftari. Boljointi mbili elfu sitini. Bushi nne za wishiboni elfu sitini. Linki mbili za stebilaiza elfu arobaini. Fundi elfu arobaini, pamoja na kuzitoa zile spesa. Alaimenti elfu thelathini. Jumla laki mbili na thelathini. Hizo ni bei alizozipata yeye. Kwako zinaweza kupanda au kushuka. Elfu sabini iliyobaki hakuitumia, aliiweka akiba ya shokapu za nyuma, akazinunua baada ya kuuza maharage.

Gari limerudi chini lilipokuwa. Bado linagusa kwenye korongo moja karibu na kisima, na hapo huwashusha abiria wakavuka kwa miguu. Pia amepunguza jambo ambalo hakuna spea inayolitibu: alikuwa akibeba watu wanane kwenye gari la watu watano. Springi ya Corolla haikutengenezwa kwa hesabu hiyo, na kwenye barabara iliyojikunja kama bati, shokapu zinazofanya kazi kupita kiasi hupata moto na kulegea safari ikiwa bado ndefu.

Nilimwuliza anaonaje tofauti. Akasema, "Zamani nilikuwa naendesha nikisikiliza kelele. Sasa naendesha nikiangalia barabara."

Kesho asubuhi, kabla hujawasha gari, pitisha kiganja juu ya tairi zako nne. Ukikuta mabonde, usiende kazini bila kulitikisa gurudumu. Na kama una swali ambalo sijaligusa, tuma ujumbe studio ukitaja aina ya gari na mlio unaousikia. Jumatatu ijayo nitakuwa na fundi mezani, tutayajibu moja baada ya jingine.